Barakoa ya Makame

Kitendawili! Kila alalapo hukabwa koo, na anayemkaba ni mwili wake mwenyewe. Mmeshindwa? Nipeni mji. Basi katika mji huo mlionipa aliishi Makame, ambaye pumzi ilikuwa ikimkatika usingizini. Hospitali ikampa mashine ya kumpulizia hewa, yenye barakoa ya kuvaa usoni.

Miezi mitatu mkewe, Mwanakheri, alilala chumba cha pili akiisikia ikivuma, akamshukuru Mungu. Leo waliipeleka kukaguliwa. Muuguzi alisoma kumbukumbu za mashine, akakunja uso.

“Imewashwa kila usiku, mama, lakini haikupata pumzi ya mtu hata moja.”

Mwanakheri alimgeukia mumewe. “Makame, kumbe hukuivaa? Sasa ukiiwasha ya nini?”

Makame, bingwa wa mzaha barazani, alijichekesha. “Mke wangu, mwanamume mzima nivae mkonga wa tembo?”

Hakuna aliyecheka. Mwanakheri alipapasa mpira wa barakoa; ulikuwa mpya, haujui jasho. Akaivaa yeye, akafunga mikanda, akamkazia macho.

Makame aliinamisha kichwa.

“Ili wewe ulale,” alisema.