Ziwa Ndani ya Beseni

Achuka aliweka simu ukingoni mwa beseni, akazamisha mkono majini na kuyakoroga polepole, ili mama yake asikie ziwa.

"Unasikia, mama? Ndiyo haya maji. Wageni wanaogelea tangu asubuhi."

"Nasikia," mama alisema. "Hawaogopi kuzama?"

"Huku wanafunzwa kuogelea wakiwa wadogo. Hata wazee wanaingia."

Alifuta mkono kwenye suruali, akasogea dirishani na kufunua pazia kwa kidole kimoja. Chini, ng'ambo ya barabara, mama yake, Nakiru, alikuwa ameketi kwenye kigoda, mitungi ya maziwa mbele yake, simu sikioni, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza sauti ya kutoka mbali sana.

Kati yao hapakuwa na hata hatua hamsini.

Ilikuwa miezi tisa sasa tangu aondoke nyumbani. Watu wa kijiji chao, Kipsing, walikuwa wamemfanyia harambee kanisani, baba yake akauza mbuzi, mchungaji akamwekea mikono kichwani. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kutunza baiskeli katika nyumba ya wageni kando ya Ziwa Müritz, kaskazini mwa Ujerumani. Wakala alimwonyesha picha: maji, msitu, watu weupe wakicheka juu ya baiskeli. Achuka alipofika Nairobi na begi lake, alikuta ofisi ya wakala tupu, na simu ya wakala haikuingia tena. Alirudi hadi Isiolo, akashindwa kuendelea. Angeshukaje garini mbele ya wale wale waliomwimbia akiondoka?

Faduma, mwenye hoteli, alimpa chumba cha juu. Kila alfajiri Achuka aliteremka jikoni kwa ngazi ya nyuma, akamenya viazi na vitunguu, kisha akapanda tena kabla mji haujaamka. Kutwa nzima alishinda humo ndani. Isiolo ni mji mdogo kwa mtu anayejificha, na siku ya soko nusu ya Kipsing huwa barabarani. Alilala, akaamka, akahesabu misumari ya mabati. Alitazama video za maziwa yale ya Ujerumani mpaka akajua njia za msituni zinapinda wapi, na ni wapi waendesha baiskeli husimama kunywa maji. Mama yake hakujua kusoma, kwa hivyo namba aliyopigiwa nayo haikumtia shaka.

Halafu, mwezi wa nne wa kujificha kwake, mama aliacha nafasi yake ya miaka yote kule sokoni, akahamia mbele ya hoteli ya Faduma. Mji mzima, akachagua pale. Tangu siku hiyo Achuka hakuthubutu kufungua dirisha, joto liwe kali namna gani.

"Jana nilipewa mapumziko," aliendelea. "Nikaenda na baiskeli kandokando ya ziwa. Ni kubwa, mama. Kulizunguka lote ni safari ya siku mbili. Nikaiacha baiskeli, nikatembea msituni. Kuna korongo, kama hawa wetu."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Kila siku ni peke yako," mama alisema.

Mteja alikuja. Mama akaibana simu begani na kupima maziwa. Achuka aliona jinsi mabega yake yalivyokonda, na jinsi alivyokuwa akibadilisha mguu kama mtu anayeumwa nyonga. Alitamani kumwuliza. Lakini mtu aliye Ujerumani angejuaje?

"Msimu huu jua linazama saa nne usiku," alisema haraka.

"Saa nne? Basi siku zako ni ndefu sana."

"Ni ndefu, mama."

Alirudi kwenye beseni akayapiga maji kwa kiganja, mara mbili, mara tatu, mama asije akamsikia akilia.

"Polepole na hayo maji," mama alisema. "Huku mjini mifereji imekauka, leo ni siku ya tatu."

"Ya huku hayaishi."

"Haya."

Siku zote alikata simu kabla ya adhuhuri. Leo alijisahau. Alikuwa akieleza habari ya bibi mmoja wa miaka themanini anayeogelea hata wakati wa baridi, pale adhana ya msikiti wa nyuma ya hoteli ilipoingia dirishani. Papo hapo ikaingia na kwenye simu: sauti ile ile, mara mbili.

Achuka aliziba simu kwa mkono wenye maji. Alikuwa amechelewa. Alisimama katikati ya chumba, asijue kama akate au azungumze. Mama alingoja adhana imalizike.

"Hata huku kuna msikiti," Achuka alisema alipopata pumzi. "Uko karibu na ziwa."

"Eeh."

Alichungulia. Mama alikuwa ameinuka, anakung'uta vumbi kwenye shuka lake. Faduma alitoka hotelini, akapokea mitungi bila kuulizwa, akarudi nayo ndani. Barabarani bodaboda ilipiga honi, na honi hiyo nayo ikasikika mara mbili. Mama bado hakuinua macho kuelekea dirishani.

"Achuka," alisema kwa upole, "gari la Kipsing linaondoka saa nane. Nimeshika viti viwili, na baba yako anajua. Chukua nguo zako uteremke."