Mkono wa Kamba Mdomoni mwa Tumbawe

Ukibisha, njoo utumbukize kichwa chako kwenye tangi la vioo la Bi Mwanaidi, maana mimi, kaa wa humu ndani, sibembelezi mtu aniamini.

Bi Mwanaidi hulisha samaki kwanza washibe, kisha huzima pampu inayosukuma maji na kumwekea Tumbawe, mnyama aliyeganda jiweni, tonge la dagaa mdomoni. Tumbawe humeza taratibu mno, na kila siku Kamba mwenye mikono mirefu alikuwa akilichomoa. Tumbawe akanywea mpaka mifupa ikaonekana.

“Kaka Kamba, niachie la leo tu,” akasihi. “Nikilala tena na njaa, siamki.”

“Si umeze haraka, dada! Nani kakwambia ule kama bibi harusi?” Kamba akamcheka. Akachomoa tonge kwa mkono mmoja, akazamisha wa pili kutafuta mabaki.

Tumbawe akafumba mdomo.

Kamba akavuta, wapi! Kwa hofu akaliachia tonge. Mara Bi Mwanaidi akawasha pampu, maji yakamrusha Kamba huku na huku kama shuka iliyoanikwa.

“Dada, nakufa! Niachie!”

Mdomo wa Tumbawe ulikuwa na kazi. Mkono ukakatika, naye akaumeza taratibu, kama kawaida yake.

Haya, kuna kipande nimekiruka. Kamba aliniita mimi nimvute, na humu ndani hakuna mwenye nguvu kunishinda. Sikwenda. Nilikuwa chini pale, natafuna tonge la Tumbawe.