Fataki Laini

Nambua, mlinzi wa ghala la pamba, alikuwa akinywa chai kwenye kigoda nyumbani kwa Mzee Makwaya, huku mzee akimjazia upya maganda ya risasi za bastola. Mwezi huo Nambua alikuwa amekuja mara tatu, kila mara akilalamika kwamba risasi hazilii.

“Babu, jana mwizi kanicheka. Nimevuta, ikasema tik. Utanizika wewe?”

“Walaumu wakubwa wako. Bastola yenyewe springi imelegea, wao wananiletea fataki ngumu za kuwashia baruti kwa kuwa ni za bei rahisi. Ndio hao hao waliokula hela za gari la wagonjwa, mke wangu akafia kwenye mkokoteni.”

Yote yalikuwa kweli. Ila chini ya meza alikuwa na kopo la fataki laini, zile zinazowasha baruti hata zikigongwa kidogo, na kopo hilo lilikuwepo tangu mwanzo. Hakuligusa, maana risasi zikilia, Nambua angekuja kufanya nini? Tangu msiba, hakuna mwingine aliyekanyaga nyumba ile.

Lakini lile neno la kuzika lilimkaa moyoni. Aliinama akalitoa, akaanza kazi upya bila kumtazama Nambua.

Alipomaliza, Nambua akajaribu moja uani, kwenye gunia la mchanga. Ikalia, kunguru wakatawanyika.

“Hapo sasa, babu. Hunioni tena mpaka hizi ziishe.”

“Haya, nenda salama.”

Mzee Makwaya akabaki uani peke yake. Aliliokota ganda la risasi, bado la moto, akalifumbata mkononi mpaka likapoa.