Barua ya Fisi

Fisi, mganga mfawidhi wa hospitali ya wanyama, aliuza dawa ya sumu ya nyoka na kujaza maji kwenye chupa zake. Nesi Korongo alipolalamika, aliambiwa kila lalamiko hupelekwa kwa mganga mfawidhi kwa maandishi. Akaandika. Kesho yake akahamishiwa jangwani. Tangu hapo manesi wote waliona na kunyamaza.

Siku moja Fisi mwenyewe akaumwa na nyoka. Nesi Kanga akaja na sindano.

"Usinichome hayo. Ni maji," alisema Fisi.

"Nani kasema, daktari?"

"Mimi. Niliyajaza mwenyewe."

"Basi lalamiko hilo lipelekwe kwa mganga mfawidhi kwa maandishi."

"Kanga, mganga mfawidhi si ndiye mimi?"

"Vizuri, barua haitachelewa kufika. Kalamu hii hapa."

Fisi aliandika huku mguu ukivimba, akatia sahihi. Kanga akaisoma barua mara mbili, akaikunja, ndipo akatoa chini ya bawa chupa ya dawa halisi aliyoificha siku Korongo alipoondoka.

Tembo, mkuu wa hospitali zote, alipoisoma barua aliyopelekewa na Kanga, hakuhitaji shahidi. Gari lililomrudisha Korongo ndilo lililomchukua Fisi.