Mama wa Wote

Binti alikataa kiti, akakataa na maji. Alisimama katikati ya ofisi na koti lake jeupe la maabara, mkono mmoja ukiishikilia kola iliyochanika.

"Keti, mwanangu," alisema mkuu wa rasilimali watu.

"Nitasema nikiwa nimesimama, mama."

Kiwanda kizima kilimwita hivyo: Mama wa Wote. Ndiye aliyeajiri, ndiye aliyefukuza, ndiye aliyetangulia kufika mfanyakazi akifiwa. Ndiye pia aliyetunga kanuni zilizobandikwa kila ukuta: marufuku kupokea zawadi, marufuku kuingiza jamaa kazini, marufuku kumgusa mwenzako bila ridhaa yake. Meneja wa ghala alipokutwa amemwajiri mpwa wake, Mama wa Wote alimsindikiza mwenyewe hadi getini, akampokonya kitambulisho mbele za watu.

Mwanasheria wa kampuni aliketi dirishani, kalamu mkononi. "Endelea," alimwambia binti.

"Fundi Tanuri alinifuata stoo ya sampuli, akafunga mlango. Nikamwambia sitaki. Akacheka, akaniuliza, 'Utanishtaki kwa nani?' Nikamjibu, 'Kwa mama.'"

"Vizuri," alisema mwanasheria. "Ndio utaratibu."

Mama wa Wote alisogeza glasi yake bila kunywa. "Kuna aliyeona?"

"Mlango ulikuwa umefungwa."

"Ulipiga kelele?"

"Mashine zilikuwa zinanguruma. Nani angenisikia? Nilimng'ata mkono, ndipo akaniachia."

Huko chini chupa zilikuwa zikigongana kwenye mkanda, moto moto, zikitoka tanurini. Tanuri lile lilimtii Fundi Tanuri peke yake. Mafundi wenzake wote walishanyakuliwa na viwanda vingine, na yeye alikuwa akishawishiwa kuhama kila wiki. Mkurugenzi alikuwa amesema asubuhi ile: "Akiondoka huyo, tufunge virago. Lakini uamuzi ni wako, mama. Ukitaka uchunguzi, sitakuzuia."

"Uchunguzi rasmi unawezekana," alisema mwanasheria, kana kwamba amesikia mawazo ya Mama wa Wote. "Ila tutaleta wakaguzi wa nje, nao hawachagui. Watapekua kila mtu, mlalamikiwa na mlalamikaji: kaajiriwa vipi, kaletwa na nani, anaishi wapi na nani."

Maji yalimwagika mezani. Mama wa Wote aliyafuta kwa kiganja.

"Mwanangu," alisema polepole, "huenda ulimwelewa vibaya. Yule ana utani wa kijinga."

Binti alimkazia macho. "Mama, ni mimi ninayesema."

"Nakusikia. Lakini neno likishatoka halirudi mdomoni. Leo utashinda, kesho watu wataanza kuuliza ulifuata nini stoo. Jina la mwanamke likichafuka halina sabuni." Hakumtazama usoni; alikuwa akiitazama ile kola. "Atapewa onyo la mdomo. Wewe tutakuhamishia maabara ya kule ghalani. Ni kwa faida yako."

"Kwa hiyo anayehama ni mimi."

"Kwa faida yako, mwanangu."

Binti alifungua mdomo, akamtazama mwanasheria, akaufunga. Kilichotoka mwishowe kilikuwa kidogo mno. "Sawa, mama."

Akatoka. Mlango hakuurudishia.

Mwanasheria alifunika kalamu yake. "Nilidhani tutashinda hapa kutwa nzima. Una moyo wa chuma wewe."

"Ni kazi," alijibu.

Jioni Fundi Tanuri alikuwa getini, amejiegemeza ukutani, kitambaa kimezungushwa mkononi. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Alivua kofia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

Aliutazama ule mkono wenye kitambaa. Walinzi walikuwa wakiwatazama.

"Marahaba," akaitikia, akapita.

Nyumbani alikuta taa ya sebuleni tu ndiyo inayowaka. Mumewe aliinuka kwenye kochi kabla hata hajavua viatu.

"Kuna nini huko kazini kwenu?" aliuliza. "Binti yetu kapita hapa kama upepo, hata salamu hakuniitikia. Kajifungia chumbani, analia."

Mama wa Wote aliweka mkoba chini, akaenda hadi kwenye ule mlango, akagonga kwa kidole kimoja.

"Nifungulie, mwanangu. Ni mama."

Kilio kilikatika.

"Mama yupi?"