Kila Kofia Ina Kwao

"Mama, unishonee iyi kofia," askari alisema, akaegemeza bunduki yake kwenye mlango wa kibanda cha ushonaji, hapo mjini Butembo.

Kyakimwa aliigeuza. Ndani ya ukingo kulikuwa na mishono saba ya uzi wa kijani. Ni yeye aliyemshonea baba yake, kabla ya vita, alipokuwa akirudi kufundisha huko Mbau.

Hakurudi tena. Baba huyo aliwaambia wanafunzi wake kwamba neno kofia lilikuja na Waarabu, wale wa biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Kila neno lina kwao, alisema, ukiliuliza vizuri litakutajia.

"Inatoka wapi, chef?" Kyakimwa aliuliza, akimwita mkubwa kama walivyoitwa askari wote.

"Mbau. Mwalimu moja alikataa kuitoa mbele yetu." Akacheka. "Sasa hana tena kichwa ya kuivalia."

"Naona inakubana. Ukae, nipime."

Alikaa, akimpa mgongo. Kyakimwa alizungusha utepe wa kupimia juu ya masikio: sentimita hamsini na saba. Kisha akaushusha polepole, ukapita mashavu, ukafika kooni.

"Na hapa pia munapimaga?"

"Na hapa pia, chef," alisema, akijiviringishia ncha zote mbili viganjani.