Habari Imepoa

Kufikia nyumba ya mwisho, uvumilivu wa Theodory ulikuwa umekwisha. Kila mlango aliopigia hodi, jibu lilikuwa lile lile: hapa hakuna asiye na pa kulala.

Hivi hawa ni watu gani? Tope la mlima lilisomba nyumba zao nchi nzima ikitazama. Wiki ile kila simu ilikuwa inalia na kijiji hiki cha Endasak. Leo mahema yameondolewa na watu wamehamia kwenye ugomvi wa wasanii. Irene, mhariri wake kule Arusha, alishamwambia wazi kwamba habari imepoa. Akipata sura ya mtu mmoja tu asiye na nyumba, mchango wa ujenzi utaendelea. Asipopata, unafungwa leo.

Alimpa shikamoo mzee aliyekalia kiti pekee cha nyumba ile. Mzee Bura aliitikia, akamkaribisha kigoda. Mkewe, Verdiana, alileta chai ya maziwa, akahangaika kutafuta sukari mpaka jirani yao Margwe alipomwonyesha ilipo. Margwe alikuwa mlangoni, anapukuchua mahindi.

Theodory aliwasha kamera, akaeleza yote, hadi habari ya mchango kufungwa. Safari hii alibembeleza, maana ukali haukumsaidia kitu.

"Mzee wangu, nionyeshe mmoja tu. Hata kama anaona aibu."

Bura alimtupia Margwe jicho, akanywa chai kidogo.

"Mwanangu, wote wana pa kulala. Waambie hivyo."

Verdiana alimtazama mumewe, akaitua birika kwa kishindo.

Theodory alitoka amenuna. Unawahangaikia watu, wao wanakuangusha. Ama kweli shukrani ya punda ni mateke. Alisimama uani, akarekodi taarifa kwa hasira, akaituma: Endasak kila familia sasa ina makazi. Kabla hata hajapanda bodaboda, Irene alikuwa amejibu. Mchango umefungwa.

Margwe alipokwenda kuswaga ng'ombe, Verdiana alimgeukia mumewe, machozi yakimlengalenga.

"Baba Yonas, kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie sina pa kulala, nimekalia kiti cha Margwe, ndani ya nyumba ya Margwe, na mwenyewe ananisikia?"